Siku yangu moja Hagerstown mpaka Washington, na hii redio ya kulipia

Saa 10 alfajiri alamu inalia. Hapa Hagerstown, jimbo la Maryland, Marekani, bado giza totoro ila Tanga saa hizi ni saa 5 asubuhi, kwahiyo huku chai inachemka nampigia mama. Majuzi nilimwambia gari langu lina redio ya setilaiti nailipia kila mwezi, akanyamaza kidogo afu akaniuliza "Mwanangu, redio nayo inalipiwa?" Swali lile halijanitoka, na ofa yangu ya bei nafuu inaisha wiki ijayo, ndo maana leo nimeamua niangalie siku nzima nasikiliza nini na wapi.

Saa 10:45 nipo barabarani. Mie ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, nafanya shifti ya masaa 12 hospitali moja Washington, siku 3 kwa wiki, na kutoka kwangu ni kama maili 70 kwenda tu, maana kodi za nyumba za kule mjini siziwezi. Sasa hapa mwanzoni ndo setilaiti inafanya kazi yake kweli. Barabara kuu ya I-70 inapanda mlima wa South Mountain, mawimbi ya FM yanaenda moja kwa moja kwahiyo mlima ukikaa katikati stesheni za Washington zinakwaruza tu, unabaki na ukungu na malori, lakini setilaiti inashusha kutoka juu haijali mlima. Naweka SiriusXM, ndo hiyo redio ya setilaiti ninayolipia, chaneli 110, Doctor Radio, ambapo madaktari wa hospitali ya NYU Langone ya New York wanajibu maswali ya watu wanaopiga simu. Leo waliongelea kisukari na vidonda vya miguu nikamkumbuka mgonjwa wangu mmoja ninayemsafisha mguu kila zamu, kwakweli nimejifunza mengi mule ndani ya gari.

Saa 11:20 Frederick, FM imerudi. Nahamia WTOP 103.5, stesheni ya habari ya Washington, bure kabisa, taarifa za foleni na hali ya hewa kila dakika 10, zile dakika zinazoishia na 8. Jamani barabara ya I-270 ya kuingia Washington ndo roho ya safari yangu, ajali moja tu Germantown na mwenzangu aliyekesha usiku mzima anabaki wodini ananisubiri, na chaneli inayorushwa nchi nzima haiwezi kukaa inaongelea Germantown. Nikishapita hapo naweka stesheni ya WAMU 88.5 nasikiliza NPR, redio ya umma ya Marekani, ambayo kwenye setilaiti naipata pia lakini kwa hela.

Saa 12:25 paking ya chini ya hospitali. Kimya, setilaiti lazima ione anga.

Kuanzia saa 1 ni kazi tu, hakuna redio.

Saa 7 mchana nakula na kaka mmoja Mkenya ambaye zamani aliendesha lori. Nikamuuliza. Akasema "Dada, ningekuwa bado kwenye lori ningelipa bila kufikiria," maana unatoka Maryland mpaka Texas chaneli ni ileile, na kuna mpaka ya madereva wa malori wenyewe, Road Dog Trucking. Ila gari lake la sasa lilikuja na miezi 3 ya bure, ikaisha akaachana nayo. Tukapiga hesabu. Kifurushi changu kwa bei kamili kinapita dola 20 kwa mwezi, mimi naendesha kama siku 12, ni karibu dola 2 kila siku ninayoingia kazini. Afu kitu ambacho wengi hawajui, chaneli zisizo na matangazo ya biashara ni za muziki, hizi za maongezi matangazo yapo kibao, unalipa na bado unauziwa dawa na bima, hilo linaniuma sana.

Saa 1:40 jioni narudi. Miguu inawaka moto. Hapa sitaki Kiingereza tena, nataka Kiswahili, na kwenye setilaiti sijakutana na chaneli ya Kiswahili hata moja. Kwahiyo kabla sijawasha gari nachomeka simu naweka DW Kiswahili niliyodaundolodi nyumbani, maana Maryland kushika simu unaendesha ni kosa. Hiyo nayo mlimani haikatiki. Lakini kuna siku nimechoka mpaka macho yanajifunga, na siku hizo kilichorekodiwa jana hakiniamshi, ninachohitaji ni mtu anayeongea saa ileile na mwingine anampigia simu wanabishana, na kule mlimani hiyo naipata kwenye setilaiti tu.

Saa 3:20 usiku nimefika. Nimeandika tarehe ya ofa kwenye kalenda ya friji: bei kamili silipi, wakinipa tena bei ya ofa nachukua mpaka winta iishe. Tanga ni saa 10:20 alfajiri, mama karibu anaamka kuswali, nimemwachia voisi. "Mama, nalipia ile ya mlimani tu."