Panya, Mbwa na Kwera Katika Ua Mmoja

Ukilalamika kuhusu panya jijini Nairobi, jibu la kwanza utakalopewa ni sumu, nayo haina shida kupatikana, kwani hata njiani hutembezwa na wachuuzi katika vipakiti visivyo na jina wala maelezo, na hivyo ndivyo ninavyoviogopa zaidi kwa sababu hakuna ajuaye kilichomo. Sisi tunaishi upande wa Lang'ata, katika ua wenye mbwa, paka mzee, sungura wa watoto na trei ya nafaka tunayowawekea ndege. Sumu haiingii katika ua huo, na sababu zake si za huruma tu.

Sumu nyingi za panya za madukani, kama zile zenye brodifakumu au bromadioloni, huzuia damu isigande. Panya aliyekula sumu hizo hafi papo hapo, bali huendelea kutembea kwa siku kadhaa huku akilegea, na ni katika siku hizo ndipo anapokamatwa kwa urahisi na paka, bundi au mwewe, ambao nao hupata sehemu ya sumu iliyobaki mwilini mwake. Mbwa hahitaji hata kula panya, maana chambo chenyewe hutengenezwa kwa nafaka na hunukia chakula. Tiba ipo, yaani vitamini K1 inayotolewa na daktari wa mifugo, mara nyingi kwa wiki kadhaa, lakini dalili huchelewa, na mwenye mbwa anaweza kutojua lolote mpaka fizi zipauke. Anayeshuku kwamba mbwa wake amekula sumu na ampeleke siku hiyo hiyo, akibeba na pakiti yenyewe. Gundi ya panya nayo siitaki, kwa kuwa hunasa mijusi na ndege bila kuchagua.

Linalosahaulika ni kwamba panya hukaa palipo na chakula, na katika bustani yetu wapakuaji wakuu wa chakula hicho ni ndege. Mtazame kwera akila: huchagua mbegu ya alizeti, hupangusa mtama pembeni kwa mdomo, huchagua tena, na mpaka jua likolee, nusu ya nafaka imekwisha kutapakaa majanini. Mchana tetere huokota sehemu yake, na kinachosalia huwa cha panya giza likiingia. Kwa hiyo tunaweka kiasi cha kiganja tu asubuhi, trei inasimama juu ya nguzo ya chuma laini iliyovishwa koni ya bati katikati, mbali na ukuta na matawi, kwa kuwa panya mweusi ni mpandaji hodari tena anaruka. Chini yake fundi alitandaza slabu ndogo ya simenti inayofagiwa kila siku, na jioni trei inaingia ndani. Wapo wanaoona ni ukatili kuwapunguzia ndege chakula. Mimi sioni hivyo, kwa sababu ndege wa Nairobi hawana theluji ya kuwanyima riziki. Nafaka hii ni starehe yetu sisi tunaowatazama, na tukiisimamisha kwa muda panya wanapozidi, hakuna ndege atakayekufa njaa. Ndege aina ya chozi hata hawaihitaji, wanachotaka ni maua ya mshubiri.

Sufuria ya mbwa yenye mabaki ya ugali na omena haipaswi kulala nje, na vivyo hivyo kinyesi chake, ambacho panya hula bila kinyaa. Chakula cha sungura kinakaa katika pipa la chuma lenye kifuniko, na maparachichi yaliyoanguka huokotwa kabla ya jioni.

Hata hivyo, kunyima chakula pekee hakuwamalizi walioko, kwani jike hubeba mimba kwa takriban wiki 3 tu, na watoto wake wanaweza kuanza kuzaa wakiwa na miezi 2 au 3. Hapo ndipo mtego wa kubana unapohitajika. Tunauweka ndani ya sanduku la mbao lenye tundu ambalo kichwa cha paka hakipiti, ukutani kabisa, kwa sababu panya hupenda kutembea akiugusa ukuta. Anaogopa pia kitu kigeni, kwa hiyo mtego huachwa kwanza siku kadhaa ukiwa na siagi ya karanga lakini bila kutegwa, mpaka azoee kula humo. Hutegwa usiku na kufyatuliwa alfajiri. Anayetoa mzoga avae glavu, kwani mkojo wa panya unaweza kubeba bakteria wa leptospirosisi, ugonjwa unaowapata watu na mbwa pia, na mbwa wetu huchanjwa dhidi yake kila mwaka.

Paka wetu, pamoja na sifa zote anazopewa na watoto, hukamata panya wachanga na kuwapisha wakubwa. Bundi ndiye mwindaji wa kweli, na inasikitisha kwamba bado wapo wanaomrushia mawe akilia juu ya paa, wakidhani analeta msiba, ilhali usiku huo huo amekuja kuwapunguzia panya.

Kilichobaki ni matundu. Panya mkubwa hupenya tundu la takriban sentimita 2, na wea mesh ya kuku haiwazuii watoto wake, kwa hiyo tumeweka wavu mzito wenye macho madogo chini ya kibanda cha sungura na kuziba nyufa za ukuta kwa simenti iliyochanganywa na kokoto. Mtaro wa nje ya geti, ambao tunautumia pamoja na majirani, bado una takataka nyingi, na tumekubaliana nao kuuzibua kabla ya mvua za vuli, maana maji yakijaa humo panya wote watahamia nyuani mwetu.