Ovari ya juu au ya chini? Tazama mabaki ya ua

Shika nyanya mkono mmoja na pera mkono wa pili. Kwenye nyanya, vile vijani vya ua, yaani sepali, vimebaki upande wa kikonyo. Kwenye pera vimekaukia upande wa pili, pale kitovuni. Hapo umeshajua ovari ya kila ua, yaani sehemu inayokuwa tunda, ilikuwa wapi.

Katika ua la nyanya, sepali, petali (majani ya rangi ya ua) na stameni (sehemu za kiume zenye chavua) zimeota chini ya ovari. Hiyo ni ovari ya juu. Pilipili, bilinganya, chungwa na embe ni hivyo hivyo, hata dafu: kofia yake ya magamba iko upande wa kikonyo. Mpera, mkomamanga, mgomba, mkahawa na jamii ya maboga zina ovari ya chini, iliyozama ndani ya kitako cha ua na kushikamana nacho, sehemu nyingine zikaota juu yake. Taji la komamanga ni sepali hizo hizo. Majina ya kitaalamu huwachanganya wanafunzi kwa sababu yanahesabu kinyume: ua "haipoginasi" ni lile ambalo sehemu nyingine ziko chini ya ovari, kwa hiyo ovari ni ya juu.

Kuhakikisha, chukua ua bichi na wembe mpya. Pasua kwa urefu, ukianzia kwenye kikonyo, katikati kabisa. Ukipasua pembeni utaikosa ovari na kuona nyama ya kitako tu, kisha utasema ovari haipo.

Waridi ndilo linalokosewa sana. Kwa nje lina uvimbe chini ya petali, kama ovari ya chini. Lipasue: ndani mna kikombe, na humo ovari ndogo nyingi zilizo huru. Pitisha pini kati ya ukuta wa kikombe na ovari. Ikipita bila kuchana kitu, ovari haikushikamana na kikombe. Ua ni la kikombe, "periginasi". Pini ikigoma toka juu hadi chini, ni ovari ya chini. Ikipita hadi nusu tu, ni ovari ya nusu chini, aina ambayo vitabu vingi vya shule huiruka.

Karafuu nayo ni mfano mzuri, na iko jikoni. Ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Ile sehemu ndefu inayodhaniwa kuwa kikonyo ni kitako cha ua. Iloweke kwenye maji moto mpaka ilainike, ipasue, utaona chini kidogo ya kichwa ovari yenye vyumba viwili. Kichwa chenyewe ni petali zilizofumbana, na yale meno manne ni sepali.

Kwa mkulima wa maboga jambo hili lina faida ya moja kwa moja. Ua jike lina kiboga nyuma ya petali tangu halijafunguka. Ua dume lina kikonyo kitupu. Kiboga hicho ni ovari, bado si tunda lililoshika. Kikigeuka njano na kudondoka siku chache baada ya ua kufunga, mara nyingi chavua haikufika, na dawa ya wadudu haitasaidia. Huenda hata ikawaua nyuki. Asubuhi mapema, maua yangali wazi, chuma ua dume, ng'oa petali zake, paka chavua kwenye stigma ya ua jike, yaani ncha yake inayopokea chavua, pande zake zote. Ikienea upande mmoja tu, boga hukua limepinda.