Dhahabu chukueni, mie niachieni vigae

Novemba 2022 wezi waliingia kwenye makumbusho ya Manching kule Bavaria, Ujerumani, wakakata kwanza nyaya za simu na intaneti, afu ndani ya dakika kama tisa hivi wakasepa na sarafu 483 za dhahabu za Wakelti, watu wa kale wa Ulaya, vitu vya miaka zaidi ya 2000. Watu walipokuja kukamatwa polisi wakakuta madonge ya dhahabu, yaani inaonekana sehemu ya zile sarafu zilishayeyushwa. Jamani!

Ila kuna vitu vya Wakelti ambavyo hakuna mwizi anahangaika navyo, na mie ndo navipenda zaidi. Kalibu za udongo. Ni sahani nene zenye vishimo vimepangwa mistari, zingine vinafika 50, ukiiona unaweza kusema kikaango cha vitumbua vya kidoli. Old Sleaford, Uingereza, vimechimbuliwa vipande maelfu. Fundi alikuwa anapima dhahabu au fedha kwenye mizani, anaweka kidogo kidogo kila kishimo, anachochea moto hadi iyeyuke ijiviringe yenyewe kuwa kidonge, kisha kidonge kinagongwa kiwe bapa, tayari kupigwa chapa.

Sasa utamu uko hapa: chembe za madini zinabaki zimenasa kwenye udongo, wataalamu wanazipima kwa eksirei wanajua mchanganyiko. Kumbe kuchakachua hakujaanza leo bana. Kadiri miaka ilivyoenda dhahabu ikapungua, fedha ikaongezwa, na kwa kuwa fedha inapausha rangi wakatia na shaba ili iendelee kung'aa kama dhahabu ya kweli. Huyo aliyekuwa anachanganya alijua kabisa anachofanya.

Chapa zenyewe, yaani vile vyuma vilivyochongwa picha ya kugandamiza kwenye sarafu, ni adimu kupatikana, nyingine ni za chuma, nyingine za shaba yenye bati jingi ili iwe ngumu. Moja inakaa chini kwenye fuawe, ya pili inashikwa mkononi na ndiyo inayokula nyundo, kwa hiyo inachoka mapema. Ikipata ufa, ufa unatokea kwenye sarafu kama kamstari kamenyanyuka, na unakua, basi ukizipanga sarafu kwa kufuata ule ufa unajua ipi ilipigwa mwanzo na ipi mwisho bila tarehe yoyote kuandikwa.

Picha walianza kwa kuiga sarafu za mfalme Filipo wa Pili wa Makedonia, kichwa cha Apollo, mungu wa Wagiriki, upande mmoja, gari la farasi upande wa pili, halafu polepole kichwa kikabaki nywele tu na farasi akawa nukta na vimwezi. Kuna waliosema hawakujua kuiga. Sikubali hata kidogo, mtu anayechonga kinyumenyume kwenye chuma, eneo la ukucha wa kidole gumba, huyo si mbumbumbu. Tena mara nyingi chapa ilikuwa pana kuliko sarafu, alichonga mpaka sehemu ambazo mnunuzi asingeziona!

Halafu kuna Scotch Corner, kaskazini mwa Uingereza, barabara ya A1 ilipokuwa inapanuliwa zikakutwa kalibu, kaskazini kuliko sehemu yoyote zilipowahi kupatikana Ulaya. Wabrigante, kabila la huko enzi hizo, hawajulikani kwa sarafu zao wenyewe, ndo maana wapo wataalamu wanaosema si kila kidonge kilikuja kupigwa chapa. Mie niko upande wao.