Tulivyohesabu wazee wa mtaa wetu Likoni (na vile tulivyokosea mwanzo)

Mwaka jana mwezi wa saba mwenyekiti wa kamati ya mtaa wetu huku Likoni, Mombasa ng'ambo ya feri, aliniita barazani kwake baada ya alasiri, akanambia wewe si una kompyuta, hebu tutengenezee kitu cha wazee tupeleke kaunti. Nkamuuliza kitu gani ami? Akasema chochote, maana mwaka uliopita walienda kwa mkutano wa maoni ya bajeti wakasema "wazee wasaidiwe", afisa akaandika mstari mmoja yakaishia hapo. Walipomfuata akawaambia leteni kitu cha kuhesabika, wangapi, wako wapi, wanataka nini hasa. Mi naona hakukosea yule. Sheria inataka kaunti iwe ishapeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, sasa wewe ukienda mwezi wa nane na maneno matupu nani atakuwekea hesabu.

Kwa hivyo tulikuwa na kama wiki tano. Tukawa watu watano: mimi, binamu zangu wawili wa kike, kijana mmoja wa bodaboda ambaye anajua kila kichochoro, na mama wetu wa afya ya jamii, wale wahudumu ambao tangu 2023 wana begi la serikali lenye mashine ya presha na ya sukari. Huyu mama ndo alikuwa roho ya kazi yote, maana nyumba zake anazijua moja moja na hakuna mlango anaobishia hodi ukakataa kufunguka.

Makosa ya kwanza ni yangu. Nlikaa usiku kucha nikaandika fomu ya maswali arobaini na mawili, mengine nimetoa kwa intaneti nikayageuza Kiswahili, yani Kiswahili cha kuomba visa. "Ni huduma zipi ungependa ziboreshwe katika eneo lako?" Tukaenda nyumba ya kwanza, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nkamsomea swali, akanitazama akasema "Alhamdulillah mwanangu, sisi tuko wazima, tuombeane dua". Swali la pili, alhamdulillah. La tatu akajibu mwanawe wa kiume kutoka mlangoni, ati mamangu ana matatizo ya magoti anataka gari la wagonjwa. Bibi mwenyewe akanyamaza. Kufika swali la kumi na mbili bibi alikuwa anasinzia na mimi mwenyewe nlitamani kusinzia.

Siku hiyo hiyo yule kijana wa bodaboda tukamtuma nyumba ya pili, kumbe mwenye nyumba yuko eda, mumewe ana mwezi mmoja tu kaburini. Kijana anaingia na fomu yake uani "hodi hodi", wanawake wakamtoa mbio na upawa. Tulicheka ila ilikuwa aibu, ikabidi mwenyekiti aende kuomba radhi. Kuanzia hapo wakawa wasichana na yule mama wa afya ndo wanaoingia ndani kwa kina bibi, na sisi wanaume tukabaki na mabaraza na kahawa tungu.

Ile fomu nkaichana. Mama wa afya akanambia wee usiwaulize wanataka nini, mtu mzima hapendi kuonekana anaomba, waulize jana walifanya nini. Na ndo tulichofanya. Tukawa na swali moja tu: jana, tangu adhana ya alfajiri mpaka ulipolala, nipitishe pole pole. Hawana haja na saa, ni alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, na kati yake ndo maisha. Kwa majirani zetu Wakristo tukatumia habari za redio na jua. Mtu anaanza kusimulia mwenyewe, wewe unaandika tu, ukisikia kitu unamrudisha, hapo baada ya magharibi ulisema hukunywa chai, kwa nini?

Na hapo ndo nlipopata kile ambacho mpaka leo kinanisumbua. Bibi yule yule wa alhamdulillah alimwambia binamu yangu kuwa yeye akishaswali magharibi hanywi maji tena, hata joto liwe vipi. Kwa nini bibi? Kwa sababu choo kiko uani, nyumba zetu hizi za Kiswahili mwazijua, ukumbi mrefu vyumba huku na huku vya wapangaji, choo kule mwisho wa uani, taa hamna, sakafu ina maji ya watu kuoga. Alianguka mara moja, akakaa chini mpaka mpangaji mmoja akarudi kazini usiku. Basi dawa aliyojipa ni kutokunywa maji. Tukaanza kuuliza wengine, na kina bibi wengi sana walikuwa wafanya vivyo hivyo na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Fomu yangu ya maswali arobaini na mawili haikuwa na neno choo hata mara moja.

Kitu cha pili tulichofanya ni kwenda nao. Mzee mmoja jirani yangu ana presha na sukari, kliniki yake ni ng'ambo ya feri, kule hospitali kuu ambayo sote twaiita Makadara. Nkamwambia babu kesho twende sote. Tulitoka kabla ya jua. Feri kwa mwenye miguu ni bure, sawa, lakini kutoka nyumbani mpaka feri ni tuktuk, ukivuka ni matatu, na kurudi vivyo hivyo. Halafu siku hiyo ilikuwa bamvua, zile siku za mwezi mwandamo au mpevu ambazo bahari hujaa sana na kukupwa sana, na maji yamekupwa. Mtu wa Likoni anajua, maji yakikupwa hivyo ule mteremko wa kuingilia feri unakuwa mkali, na kule chini karibu na maji kuna utelezi, na nyuma yako kuna umati wa watu wanaowahi kazi ambao hawana habari na goti lako. Babu alinishika mkono mpaka ukaniuma. Akanambia yeye hutazama mwezi kabla ya kukubali tarehe ya kliniki. Daktari anamwandikia tarehe, yeye akifika nyumbani anahesabu siku za mwezi, akiona inaangukia bamvua haendi. Kule wanamwandika mgonjwa asiyefuata maagizo.

Nlipomuuliza dawa ya asubuhi ashameza? Akasema siku ya safari hamezi kile kidonge cha kukojosha, atakojoa wapi kwenye foleni. Kwa hivyo anafika amekosa dawa, presha iko juu, anaongezewa dawa. Nlikaa pale kwenye benchi nikajisemea loo.

Sasa umri, hapo ndo kulikuwa na kazi. Katiba inasema mzee ni aliyepita miaka 60, lakini zile pesa za serikali za kuwasaidia wazee, Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni kuanzia 70. Kuna wazee wetu vitambulisho viliandikwa kwa kukisia, mtu anakwambia ana themanini kadi inasema sitini na sita. Tukatengeneza kalenda yetu ya mambo yaliyotokea. Uhuru wa 1963 ulikuwa umeshaanza chuo cha Kurani au bado unanyonya? Mzee Kenyatta anafariki hapa hapa Mombasa 1978 ulikuwa ushaolewa, una watoto wangapi? Ajali ya feri ya Mtongwe 1994 ulikuwa ushapata mjukuu? Hii ya Mtongwe niliiuliza mara chache tu halafu nkaiacha, kuna nyumba nlizoiuliza watu wakalia. Usitumie msiba wa watu kama kalenda, ningejua mapema.

Wiki ya tatu tukawaita wote madrasa, wanaume upande huu wanawake upande ule. Ukutani tukabandika picha tulizochora wenyewe, choo, taa, maji, kliniki, njia, pesa, mahali pa kukaa. Kila mtu akapewa kunde kumi aweke kwenye makopo anavyotaka. Mi nlikuwa nshaandika kichwani kuwa pesa itashinda. Wapi! Kina bibi walijaza choo na maji, kopo la pesa likaja la tatu. Wanaume, na hii ilinichekesha, waliweka kunde nyingi kwenye mahali pa kukaa, kwa sababu mwembe waliokuwa wakicheza bao chini yake ulikatwa ili pajengwe vibanda, na tangu hapo wengine hawatoki nje kabisa, wako kitandani na redio. Mzee mmoja akasema wanangu wako Doha na Saudia, pesa zaja, lakini simu haiteki maji wala haichezi bao.

Nilikuwa nimesoma ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 kuhusu miji inayowafaa wazee, una mambo manane, majengo na maeneo ya nje, usafiri, makazi, kushiriki, heshima, kazi na uraia, habari, na huduma za jamii na afya. Ni mzuri ila si wa kumsomea mtu. Mi niliutumia mwisho tu, kuangalia tumesahau nini, na kweli tulikuwa tumesahau habari, yani nani anawaambia hawa wazee kuna mkutano, maana matangazo yote yako kwenye grupu la WhatsApp na nusu yao simu zao ni za kubonyeza.

Halafu pale madrasa mwalimu mmoja mstaafu akanyoosha mkono akasema kijana, nyinyi mnahesabu waliofika, wanaokuja njiani je? Huo mpango ni wa nani, wa marehemu watarajiwa? Watu wakacheka lakini mi nlishtuka. Tukarudi tena nyumba zote kuuliza walio kati ya 50 na 59. Walikuwa wengi kuliko wazee wenyewe. Vibarua wa bandarini, wauza mahamri na viazi karai, madereva, watu ambao siku wasiyofanya kazi ndo siku wasiyokula, na ukiuliza akiba ya uzeeni anakujibu ni watoto. Na wengi wao tayari ndo wanaowateka maji wale wa sabini. Hawa wakichoka wataanguka wawili wawili.

Tukaandika kurasa mbili tu. Idadi, ramani ya uani gani hazina taa, siku moja kwa mwezi ya kliniki ya presha na sukari huku huku Likoni, vyuma vya kushikilia kwenye ngazi za njia ile ya msikitini, na mahali pa kivuli. Mkutanoni nlipewa dakika tatu. Taa ziliandikwa, kliniki wakasema watazungumza, kivuli na vyuma hakuna aliyevigusa. Sijui zitafika lini hizo taa, mi bado natembea na tochi.

Choo hatukungoja mtu. Fundi seremala wa mtaa alitengeneza viti vyenye tundu katikati, chini ndoo yenye kifuniko, vinakaa chumbani karibu na kitanda. Kina bibi wa kwanza walikataa, aibu, mpaka yule wa alhamdulillah alipokubali, wengine wakafuata. Siku hizi anakunywa chai yake baada ya isha. Na kliniki, mama wa afya anapima presha kila Alhamisi, wanaolazimika kuvuka wanachanga tuktuk pamoja, na mwenyekiti anawatazamia maji kabla hawajachukua tarehe.

Ile orodha ya 50 mpaka 59 nliichapa nikaiacha mezani nyumbani. Mamangu akaipitia, akajikuta namba kumi na saba, akaja na miwani yake na hasira. Nani kanitia huku? Mie Kenyatta anafariki nlikuwa nabebwa mgongoni! Bibi yangu akajibu kutoka chumbani bila hata kuulizwa, muongo huyo, alikuwa ashaanza chuo, na siku hiyo alipigwa kwa kutoroka.