Siku moja maishani mwangu: mtafiti wa afya ya jamii

Saa moja asubuhi. Nafungua faili la data kabla ya barua pepe. Kazi yangu ni kutafuta kwa nini ugonjwa uleule unawaandama watu wa hali fulani kuliko wengine. Kwenye safu ya "kazi" kuna majibu kama "kibarua", "ofisini" na "shughuli zangu". Kuyapanga kunameza saa mbili, na hakuna la kusimulia.

Saa tatu. Kliniki ya presha, nahoji waliokosa miadi. Dada mmoja anafanya kazi ya usafi. Kadi yake imegongwa neno "mtoro". Namuuliza kuhusu dawa.

"Zikiwapo nameza. Lakini mkifungua niko zamu, nikitoka mmeshafunga. Nikiomba ruhusa, siku hiyo silipwi."

Naigeuza kadi mbele na nyuma. Uzito upo, chumvi ipo, sigara ipo. Pa kuandika zamu hakuna. Muuguzi si mkali wala mzembe, ila fomu imeshamwamulia kosa ni la nani.

Saa sita, darasani. Leo ni uchunguzi wa Whitehall, ulioanza London mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali zaidi ya 17,000, wote wanaume. Naupenda kwa sababu hauna fukara ndani yake: kila mmoja alikuwa na ajira na mshahara. Hata hivyo, wa daraja la chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo takriban mara tatu ya wale wa juu kabisa. Na waliokuwa katikati? Nao walikaa katikati hata kwenye vifo, kila daraja likiwa na nafuu kidogo kuliko lililo chini yake.

"Mwalimu, si walivuta sigara zaidi?"

Ni kweli, walivuta zaidi. Lakini ukishazingatia sigara, presha na kolesteroli, sehemu kubwa ya pengo bado ipo palepale. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985 na kuhusisha wanawake pia, ukaonyesha kwamba asiye na kauli juu ya kazi yake mwenyewe yuko kwenye hatari zaidi ya kuugua moyo. Darasa linanyamaza kidogo. Wengi wao hufanya vibarua jioni.

Saa nane, kikao cha bajeti. Tuyaache hayo.

Saa tisa na nusu. Nambana kiongozi wa mradi: nataka swali jipya kwenye dodoso, "Nani anapanga saa zako za kazi?" Anasema dodoso limeshakuwa refu na wahojiwa wanachoka. Ana haki. Basi namwonyesha la kutoa: "Je, unajua kuwa sigara ina madhara?" Karibu kila mtu hujibu ndiyo, hata mwenye kiberiti mkononi. Anacheka, analifuta.

Saa kumi na moja swali langu limeingia, namba 14. Kesho wahojaji wanafundishwa kuliuliza bila kumtia mtu hofu kwamba mwajiri atasikia.