Siku moja ya fundi wa saa River Road, Nairobi, na daktari aliyekataa kuondoka

Watu wakisikia mimi ni fundi wa saa huwa wana maswali mawili. La kwanza wanalisema: kwani bado kuna watu wanaovaa saa? La pili wanaliuliza kwa macho tu, wakinikabidhi saa huku vidole vimeing'ang'ania: huyu hatatoa mashine ya ndani aniwekee feki? Nimeamua kuwaandikia Jumatano yangu nzima, mjionee.

Saa 11 alfajiri niko macho. Chai, mkate wa jana, matatu kutoka Kayole, msongamano wa Jogoo Road, nashuka Ronald Ngala. Hakuna jipya hapo.

Saa 1 na nusu nafungua. Stoli yangu iko chini ya ngazi za jengo moja River Road, upana wa meza na kiti, na mteja anasimama nje ya kaunta miguu ikikanyagwa na wapita njia. Cha kwanza nafuta meza, sakafu baadaye. Skrubu ya saa ya kike ikikuponyoka inatoweka kabisa, na utaitafuta kwa magoti ukiburuta sumaku kila kona, mteja akikutazama kana kwamba umeimeza.

Saa 2 hadi saa 4: betri, betri, mkanda, pini, betri. Kijana wangu anazimaliza hizo bila kuniita.

Saa 4 kasoro akaingia bwana mmoja wa makamo, suruali imenyooshwa ikanyooka, viatu havijui vumbi la mtaa huu. Akatazama nyuma, akatazama ngazini, kisha akatoa soksi kwenye mfuko wa ndani wa koti. Ndani ya soksi kulikuwa na saa. Ya Uswisi, otomatiki, mkanda wa chuma. Bei yake sitaitaja, ila ukiuza stoli hii na vyote vilivyomo, nami nikiwemo, bado utaongezea.

"Fundi, hii inakimbia. Dakika kumi kwa siku. Kuna mtu aliifungua mwezi uliopita, ameiharibu."

Kila mteja ameharibiwa saa na fundi aliyetangulia. Kesho fundi aliyetangulia nitakuwa mimi, kwa hiyo huwa sichangii hayo mazungumzo. Nilimuuliza kazi yake na mahali anapoiweka saa akiivua. Akasema ni daktari, mpasuaji. Akienda thieta anaivua kabla ya kunawa na kuiweka juu ya tableti yake, ofisini.

"Tableti ina kava la kujifunga lenyewe?"

"Ndiyo. Kwani?"

Nikatoa dira yangu ya plastiki, ile ya wanafunzi, nikaisogeza karibu na saa. Mshale ukageuka ukaielekea. Saa imeshika sumaku. Lile kava hujifunga kwa sumaku. Ndani ya saa kuna springi nyembamba kuliko unywele, inayojikunja na kujikunjua mara nne kwa sekunde, kila mara mapigo mawili, jumla mapigo 28,800 kwa saa moja. Ikishika sumaku, mizunguko yake inagandana, springi inakuwa kama imefupishwa, na springi fupi hupiga haraka. Hakuna aliyeiharibu. Dawa yake ni kimashine cha umeme: unabonyeza kitufe, unaivuta saa polepole hadi iwe mbali, ndipo unaachilia. Haichukui hata dakika moja.

Nilipobonyeza, stima zikapotea.

Jengo zima giza, jenereta za jirani zikaanza kunguruma, na mimi sina jenereta. Nikamwambia daktari aende akanywe chai, nitampigia. Akakataa. Hawezi kuiacha saa hiyo River Road. Akaomba kiti, nikampa stuli ya kijana wangu, na ile stuli hakuinuka juu yake mpaka mchana ukatukuta.

Ikabidi nitafute kazi isiyohitaji umeme, maana mteja akikukodolea macho huwezi kukaa mikono mitupu. Nikamwambia mkanda wake umechafuka, niusafishe. Nikautoa pini, nikavaa glavu.

"Unavaa glavu kushika saa yangu?"

"Ya mtu wa hospitali, ndiyo daktari."

Hakupenda. Lakini nami nilikuwa nimeshaukunjua ule mkanda kwenye mwanga wa mlangoni, na kati ya kipande na kipande kulikuwa na ute wa kijivu uliokauka. Ukiuchokoa kwa kijiti cha meno unatoka kama ugoro uliolowa. Ni jasho, sabuni, ngozi iliyokufa, na chochote kingine ambacho mkono umepitia. Saa ya mwalimu ina huo uchafu, saa ya kasisi inao. Siwezi kusema wa daktari ni mwingi zaidi. Tofauti ni mahali mkono unapokwenda.

Hapo ndipo akafika sista. Ni mteja wangu wa siku nyingi, muuguzi wa wodi ya watoto, mama mwenye sauti. Alileta saa yake ya kubandika kifuani, ile inayoning'inia kichwa chini ili yeye akiitazama aione wima. Betri imeisha. Akaona ute ule kwenye karatasi, akamwona daktari, akaunganisha mambo kabla sijasema lolote.

"Hiyo ni ya kwako, daktari?"

"Ni jasho tu, sista."

"Jasho la wodi gani?"

Sasa hapo kazi yangu ikasimama. Sikunyamazisha mtu, maana kusema kweli nilikuwa nataka kusikia.

Sista alisema yeye alifundishwa kwamba anayemgusa mgonjwa havai kitu kwenye kiganja wala kifundo cha mkono. Hata zile karatasi zilizobandikwa juu ya sinki hospitalini, za mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, zinataka kunawa kwa maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, na kwa dawa ya spiriti sekunde 20 hadi 30, na hakuna anayeweza kusugua kifundo cha mkono chenye kilo ya chuma. Mwenzake alikwenda kufanya kazi Uingereza, baada ya yale makubaliano ya 2021 ya kupeleka wauguzi wetu huko. Kule tangu 2008 hospitali za umma zinataka mikono mitupu kutoka kiwiko kwenda chini. Bingwa au mwanagenzi, saa inakaa mfukoni.

Daktari hakuwa mjinga. Alijibu kwamba ndani ya thieta haivai kamwe, na kwamba ni kweli vijidudu hupatikana zaidi kwenye kifundo kilichovaa saa, lakini kusema saa peke yake ndiyo inayompa mgonjwa maambukizi ni jambo jingine, ushahidi wake haujakaa sawa. Kisha akageukia linalomuuma. Pesa. Alisoma miaka yote ile, akagoma siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wadogo zake wakagoma siku 56 mwaka 2024 huku madaktari wa mafunzo wakiambiwa shilingi 206,000 za kila mwezi walizoahidiwa zimekuwa 70,000. Kila wakidai haki wanaambiwa udaktari ni wito. Leo amejinunulia kitu kimoja kwa jasho lake, na hata hicho kina maswali.

"Mwanasiasa akivaa ya milioni mnampigia makofi," akasema.

"Hatumpigii," sista akasema. "Hukuwaona vijana walioandamana 2024? Saa za wakubwa zilikuwa kwenye mabango."

Sitasema uongo, kwenye hilo la pesa niko na daktari. Mtu aliyepasua watu usiku kucha akijinunulia saa, hiyo ni halali yake, nami kibiashara nawaombea mnunue zote mnazotaka. Tena saa na udaktari ni ndugu wa zamani. Kulikuwa na saa zilizochorwa uso wake maalumu kwa waganga: unaianzisha, unahesabu mapigo 30, unaisimamisha, mshale unakuonyesha moja kwa moja mapigo kwa dakika. Rolex walitoa saa ya Prince mwaka 1928, sekunde zimetengewa duara lake kubwa peke yake, na mpaka leo wakusanyaji wanaiita saa ya daktari. Ilikuwa ghali, lakini ilikuwa chombo cha kazi.

Ila nilimuuliza swali moja. "Daktari, kutoka ulipoegesha gari mpaka hapa ni hatua chache. Mbona saa imekuja ndani ya soksi?"

"Huku kuna watu wa kila aina."

"Na wodini?"

Sista alicheka mpaka mwuza mahindi akachungulia. Mimi sikukusudia kumchekesha mtu. Nimekaa na ndugu za wagonjwa, nimechangia harambee za bili ya hospitali mpaka nimezoea ile sauti ya mtu anayesoma majina na kiasi. Mama ambaye mwanawe amezuiliwa wodini mpaka deni liishe anaiona saa hiyo vizuri kuliko yule kijana wa kupora pale kona. Hajui imenunuliwa kwa mkopo au kwa urithi. Anapiga hesabu yake kimya, na siku daktari akimwambia kipimo hiki ni lazima, hatamwamini. Saa nzuri ivae harusini, ivae Jumapili, ivae ukienda kumwona mkwe. Kwa mgonjwa nenda na ya kuoshwa.

Daktari akanitazama kama mtu aliyepewa ushauri wa tiba na kinyozi. Akaniuliza, je, kama saa imekimbia dakika kumi kwa siku, amekuwa akihesabu mapigo vibaya? Nikapiga hesabu kwenye karatasi. Siku ina dakika 1,440. Kumi ndani yake ni chini ya asilimia moja. Mapigo 72 hayatakosea hata pigo moja zima. Kinachoharibika ni saa unayoiandika kwenye faili.

"Ndiyo maana!" sista akadakia. "Daktari kaandika dawa imetolewa na dakika kumi, mimi nimeandika kamili. Akija mkaguzi, anayeonekana mwongo ni nani?"

Yeye hospitali yake ni nyingine kabisa, lakini alisema kama aliyelibeba hilo kwa miaka. Akatuonyesha yake. Ya shilingi 500, kwarzi, kijiwe cha ndani kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde na hakijui daraja la mshahara wa mtu. Kwa mtoto mwenye kichomi anahesabu pumzi dakika nzima, hakati nusu akazidisha mara mbili, mkono mmoja ukiinua shuka na mwingine huru. Nikamwekea betri, shilingi 200. Akaniachia 250 na kuniambia, "Baba, mwoshee daktari vizuri," akaondoka.

Stima zikarudi mchana umeshaingia, sikuangalia saa ngapi, na najua ni kichekesho fundi wa saa kusema hivyo. Nikaitoa sumaku. Dira ikatulia. Nikaiweka saa kwenye mashine ya kupimia, mistari ikajichora kwenye kioo, na daktari akasema hiyo ni ECG ya saa, kama kile kipimo cha moyo. Kila daktari husema hivyo. Huwa nacheka kila mara, ni sehemu ya huduma. Ilikuwa inazidisha sekunde mbili kwa siku. Nikausugua mkanda kwa mswaki laini na maji ya vuguvugu yenye sabuni, nikaukausha, nikaufunga.

"Elfu moja mia tano," nikamwambia.

"Fundi! Si umebonyeza kitufe tu?"

Naomba mnielewe, wakati huo sijala. Chapati madondo zangu zilikuwa zimepoa kwenye kontena tangu saa 7, kwa sababu ya kumlindia mtu saa ambayo hakukubali kuiacha. Nikamuuliza mgonjwa akiingia kwake akatazamwa dakika tano hulipa ngapi. Akasema pale analipia miaka ya kusoma. Nikamwambia na hapa pia, ni vile tu ukuta wangu hauna cheti kwa sababu sina ukuta. Akatuma kwa Mpesa, akairudisha saa ndani ya soksi, akaenda.

Mchana uliobaki siukumbuki sawasawa. Kioo cha mzee mmoja. Msichana aliyetaka saa ya marehemu babake itembee, nayo ina kutu mpaka kwenye gurudumu, nikampa ukweli na nikampunguzia. Kanjo, askari wa jiji, walipita wakatazama leseni. Ikifika jioni jicho la kulia, la lenzi, linaanza kutoa machozi lenyewe na shingo inakataa kunyooka. Nikaacha kijana afunge.

Niko kwenye matatu, tumekwama Jogoo Road, simu ikalia. Ni WhatsApp ya daktari, na picha mbili: saa yake kando ya saa ya simu, mchana ule nilipomaliza na sasa jioni. "Fundi, nadhani sasa inachelewa. Sekunde moja."

Nikamweleza kwa subira yote niliyobakiwa nayo. Hata vyeti vya Uswisi vya saa sahihi kabisa huruhusu mashine kupoteza sekunde nne au kuzidi sita kwa siku, na namna anavyoilaza usiku inaweza kuibadilisha. Ailaze uso ukitazama juu, mbali na tableti, aangalie tena baada ya wiki.

Akajibu papo hapo: "Na nikiilaza ubavu?"

Hilo nikaliacha. Lina bei yake.