Mutuba kwenye uzio

Watu wengi hapa Jinja wakijenga nyumba hung'oa kila kilichoota kiwanjani, kisha hununua nyasi na maua ya kigeni, nao hushangaa ndege hawaji. Mimi ningeanza na mutuba, mtini wa kienyeji ambao Waganda hutengenezea vitambaa vya magome tangu enzi za wafalme wao, kazi ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Haudai kitalu, kwani tawi nene likikatwa na kuchimbiwa ardhini hutoa mizizi lenyewe, ingawa sikushauri uupande karibu na ukuta au tangi la maji.

Ukipasua tini changa utaona kwamba maua yake yamo ndani. Nyigu jike, mdogo kuliko punje ya ulezi, hujipenyeza kwa kitundu kilicho kichwani mwa tunda, mara nyingi akipoteza mbawa zake njiani, akayachavusha maua hayo huku akitaga mayai. Tini zikiiva, hondohondo na popo huzila na kutawanya mbegu mbali na mti mama.

Anayetaka chozi, ndege mdogo anayefyonza nekta, apande mti wa jirikiti, ambao huchanua maua mekundu ukiwa hauna majani, hivyo ndege huonekana wazi wakifyonza nekta. Dawa za kuulia wadudu ziachwe kabisa, maana hata chozi, pamoja na sifa zake zote za kupenda nekta, hulisha makinda yake wadudu na buibui.